Mtoto akizaliwa na ualbino, jeni imetoka kwa baba NA kwa mama. Tuelezane hapa kabla ndoa hazijavunjika

Shangazi wa Rau (mwanzisha uzi)

Wanajamvi, salaam. Naweka uzi huu kwa sababu yaliyotokea kwetu najua yanatokea kwenye nyumba nyingi, Moshi, Arusha na kwingineko, na mara nyingi wanaoamua hatima ya mama wa mtoto ni watu ambao hawajawahi kuelezwa ualbino unarithiwaje.

Wifi yangu amejifungua mtoto wa kike mwenye ualbino. Mtoto ana afya njema, ananyonya vizuri. Siku ya pili tu maneno yakaanza. Huyu anauliza kama kwao mama wapo wa hivyo, yule anaapa kwamba upande wetu haijatokea tangu enzi za babu. Wifi yuko chumbani na bakuli lake la mtori, huku sebuleni watu wamekaa kikao kujadili kama arudi kwao kwanza "mpaka mambo yaeleweke". Kaka yangu, baba wa mtoto, kimya.

Mimi ni mwalimu wa Baiolojia, na mada ya urithi ni ya kidato cha nne. Nyumbani nimeshawaeleza kwa mdomo. Hapa naandika ili na wengine wapate.

Rangi ya ngozi, nywele na macho inatokana na melanini. Kuna seli maalumu za kuitengeneza, na mtu mwenye ualbino anazo seli hizo kama mtu mwingine yeyote. Shida ni kwamba melanini haitoki, au inatoka kidogo sana, kwa kuwa maelekezo ya kuitengeneza yana hitilafu. Maelekezo hayo ndiyo jeni. Aina ya ualbino iliyoenea zaidi kwetu Afrika, kusini mwa Sahara, inahusu jeni iitwayo OCA2, iliyoko kwenye kromosomu namba 15. Miaka ya 1990 watafiti walipochunguza vinasaba vya Watanzania wenye ualbino, walikuta kwa wengi wao kipande kilekile cha jeni hiyo kimekatika na kupotea. Kipande hichohicho kimekutwa kimepotea kwa watu wenye ualbino wa kusini mwa Afrika. Maana yake hitilafu hii ni ya zamani mno, imetembea na mababu zetu vizazi na vizazi. Haikuanzia tumboni mwa wifi yangu.

Sasa hapa ndipo penye kesi. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hii, moja kapewa na baba, nyingine kapewa na mama. Ukiwa na nakala moja nzima na moja yenye hitilafu, ile nzima inatosha. Melanini inatengenezwa, unakuwa mweusi au maji ya kunde kama ndugu zako, na hakuna dalili yoyote ya nje kwamba umebeba kitu. Huyo ndiye tunayemwita mbebaji. Ualbino huu wa ngozi, nywele na macho unatokea pale tu mtoto anapopokea nakala mbili zenye hitilafu, moja kila upande. Mama peke yake hawezi kumpa mtoto ualbino huu, na baba peke yake hawezi.

Kwa hiyo mtoto wa kaka yangu ni ushahidi kwamba wifi ni mbebaji na kaka yangu ni mbebaji. Na kaka hakuiokota barabarani, aliipata kwa mmoja wa wazazi wetu. Mimi niliyezaliwa naye tumbo moja nina uwezekano wa nusu kwa nusu kuwa nayo. Niliwaambia wazee palepale kwenye kikao: ikiwa kubeba jeni hii ni kosa la kumrudisha mtu kwao, basi tafuteni na pa kutupeleka sisi tuliozaliwa humu ndani.

Kuhusu uwezekano, darasani huwa nawapa wanafunzi sarafu mbili za shilingi mia mbili. Moja ni baba, nyingine ni mama, wote wabebaji. Upande wa kichwa ni nakala nzima, upande wa simba ni nakala yenye hitilafu. Wanarusha zote mbili kwa pamoja na kuandika ubaoni kwa vijiti, tena na tena. Vijiti vikishakuwa vingi, kama robo ya mirusho inaangukia vichwa viwili: huyo ni mtoto asiye na ualbino na wala hakubeba. Kama nusu inakuwa kichwa na simba: mtoto mbebaji, hana ualbino. Robo iliyobaki ni simba wawili: mtoto mwenye ualbino. Haikosi kundi linalopata simba wawili mara mbili mfululizo, wakaanza kulalamika kwamba sarafu zao si nzuri. Hapo ndipo ninapotaka wafike. Mrusho wa pili haujui wa kwanza uliangukaje.

Na mimba ni hivyohivyo. Wazazi wawili wabebaji wana uwezekano wa robo, yaani asilimia 25, kwa KILA mimba. Sio kwamba akishazaliwa mmoja basi watatu wanaofuata wako salama. Sio pia kwamba kati ya watoto wanne lazima atoke mmoja. Wabebaji wawili wakizaa watoto wanne, kuna uwezekano wa kama asilimia 32 kwamba hata mmoja hatakuwa na ualbino. Familia ya namna hiyo itakufa haijui ilibeba nini, na itasema kwa kujiamini kabisa kwamba kwao haipo.

Hilo la "kwetu haijawahi kutokea" nalitolea hesabu. Makadirio yanayotumika sana Tanzania ni kwamba mtu 1 kati ya 1,400 hivi ana ualbino, na kwamba mtu 1 kati ya 19 ni mbebaji. Namba hizo mbili zinashikana. Uwezekano wa mbebaji kukutana na mbebaji ni 1 ya 19 mara 1 ya 19, yaani 1 kati ya 361. Zidisha na robo, unapata 1 kati ya 1,444. Hata ukitumia sensa ya 2012, ambayo ilihesabu watu wenye ualbino zaidi ya 16,000 nchi nzima, bado wabebaji wanakuja kama mtu 1 kati ya 26. Darasa langu la wanafunzi 40 kwa wastani lina wabebaji wawili, na siwezi kuwatambua kwa macho. Wewe unayesoma hapa unaweza kuwa mmoja wao.

Maswali karibuni. Nitajibu nikitoka kazini.

Kinyozi Majengo

Mwalimu ubarikiwe. Niulize bila kuzunguka, maana haya ndiyo yanayosemwa kwenye kiti changu kila siku. Watu wanasema mama akitembea na mzungu ndio mtoto anatoka hivyo. Wengine wanasema mjamzito akimkazia macho mtu mwenye ualbino mtoto anamfuata. Na baba akiwa na wasiwasi, si apime DNA yaishe?

Shangazi wa Rau

Asante kwa kuuliza wazi, maana maneno hayo ndiyo yanayovunja nyumba.

La mzungu: mtoto wa mama Mwafrika na baba mzungu anakuwa chotara. Ana melanini yake, nywele na macho yake yana rangi. Ngozi ya mzungu nayo ina melanini, ni kidogo tu, na wazungu wenyewe wana watu wenye ualbino, kama 1 kati ya 17,000 mpaka 20,000. Weupe wa mzungu na ualbino ni vitu viwili tofauti kabisa.

La kukazia macho: jeni za mtoto zimeshapangwa siku mbegu ya baba ilipokutana na yai la mama. Kuanzia hapo mama aangalie mtu yeyote anayemtaka, hakuna kitakachobadilika.

La DNA tulitenganishe vizuri. Kipimo kinachofanywa na Mkemia Mkuu wa Serikali kwa kesi za wazazi kinasema huyu ni baba wa huyu au siye. Hakisemi kama mtu ni mbebaji wa jeni ya ualbino. Hivyo ni vipimo viwili. Pia cha ubaba kina utaratibu wake chini ya Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya 2009, mtu haamki tu asubuhi akampeleka mtoto kupimwa. Mume mwenye sababu zake nyingine za kushuku atajua mwenyewe. Ila ualbino wa mtoto SI sababu. Yeyote aliye baba wa mtoto huyo ni mbebaji, na mumeo ana nafasi ya kuwa mbebaji sawa na mwanaume mwingine yeyote hapa Moshi. Rangi ya mtoto haimtaji baba.

Nesi Mstaafu

Mwalimu kaeleza vizuri. Niongeze kidogo kutokana na miaka yangu wodini na kwenye kliniki.

Ualbino si wa aina moja. Huo wa OCA2 ndio tunaoukuta zaidi: nywele za njano, na mara nyingi mtu anapata madoa ya kahawia kwenye ngozi jinsi umri unavyokwenda. Kuna OCA1, wa jeni nyingine kabisa kwenye kromosomu 11, ambamo wengine melanini haitoki hata chembe na nywele hubaki nyeupe pe. Kuna OCA3, ambao ngozi inakuwa nyekundu kahawia na nywele zina wekundu, na wengi hawajui kwamba nao ni ualbino. Hizi zote zinafuata utaratibu aliousema, mbili kutoka pande mbili.

Kuna aina moja inayokwenda njia tofauti, ya macho peke yake. Ngozi inakuwa ya kawaida au imepungua rangi kidogo tu, lakini macho yanacheza na kuona ni kwa shida. Jeni yake iko kwenye kromosomu X, kwa hiyo inapita kwa mama mbebaji na inawapata zaidi watoto wa kiume. Ni nadra. Naitaja ili mwenye mtoto wa kiume mwenye dalili za macho tu asije akaitumia hesabu ya robo bila kuonana na daktari.

Na lingine nililoulizwa sana kliniki: "Sista, mbona wale wote wawili wana ualbino na mtoto wao ni mweusi?" Watu wakianza hapo kumshuku mama, wanamwonea. Baba akiwa na ualbino wa OCA2 na mama wa OCA1, mtoto anapata kwa kila mmoja nakala nzima ya ile jeni ambayo mwenzake amepungukiwa. Anazaliwa na rangi kamili. Wakiwa wa aina moja, hapo ndipo watoto wote wanakuwa na ualbino. Hapa kwetu wengi ni wa aina moja, ndiyo maana mara nyingi tunaona wote.

Kijana wa Ngarenaro

Mwalimu, shikamoo. Mimi nina ualbino, nauza vifaa vya simu hapa Arusha mjini. Nasoma uzi huu maandishi nimeyakuza mpaka maneno manne yanajaza kioo, lakini nimesoma yote.

Nimepeleka barua ya posa Usa River na imepokelewa. Mama wa mchumba ni mtu mzuri, hana neno na mimi, ila aliniuliza ana kwa ana: wajukuu zangu watakuwaje? Nikakosa jibu. Jambo lenyewe ni kwamba mdogo wake huyo mama, yaani mama mdogo wa mchumba wangu, naye ana ualbino. Mchumba mwenyewe hana. Nipe hesabu ya kweli, usinipunguzie.

Shangazi wa Rau

Marahaba, na hongera kwa posa. Nakupa yote.

Tuanze na mtu mwenye ualbino anayeoa mtu ambaye ukoo wake hauna historia yoyote inayojulikana. Wewe una nakala mbili zenye hitilafu, kwa hiyo kila mtoto wako atapokea moja kwako, hilo halina bahati ndani yake. Watoto wako wote watakuwa angalau wabebaji. Kama mke si mbebaji, hakuna mtoto atakayekuwa na ualbino. Kama ni mbebaji, kila mimba ni nusu kwa nusu. Kwa mwanamke yeyote wa Tanzania tunachukua 1 ya 19 mara nusu, inakuja 1 kati ya 38. Yaani katika mimba 38 za namna hiyo, 37 mtoto hana ualbino. Watu wengi wanadhani mtu mwenye ualbino lazima azae wenye ualbino. Sivyo.

Kwako ni tofauti kwa sababu ya mama mdogo, kwa hiyo twende polepole. Mama mdogo ana ualbino, basi babu na bibi wa mchumba wako wote wawili walikuwa wabebaji. Mama mkwe wako mtarajiwa ni mtoto wa hao hao, ila yeye hana ualbino. Kwenye zile sarafu, ile robo ya simba wawili inatoka, tunajua haikumwangukia. Zinabaki sehemu tatu, na mbili kati ya hizo ni za mbebaji. Kwa hiyo yeye ana theluthi mbili ya kuwa mbebaji. Mchumba wako anapata nusu ya hapo, theluthi moja. Na mtoto wenu anapata nusu ya theluthi, ambayo ni 1 kati ya 6. Nimeacha upande wa baba mkwe, unaongeza kidogo tu.

Mwambie mama: kwa kila mjukuu, uwezekano wa kuzaliwa na ualbino ni kama 1 kati ya 6, na wa kuzaliwa bila ni 5 kati ya 6. Wote watabeba jeni ya baba yao. Hesabu hiyo inasimama ikiwa ualbino wako na wa mama mdogo ni wa aina moja, kama alivyoeleza Nesi, na kwa huku kwetu hilo ndilo la kutegemea zaidi.

Kijana wa Ngarenaro

Nimempigia mchumba nikamsomea neno kwa neno. Amesema hata ingekuwa sita kwa sita angekuja. Jumamosi naenda Usa River kumjibu mama, sasa nina cha kumwambia. Asante sana mwalimu.

Dereva Hai–Moshi

Nimefuatilia kwa makini. Swali langu ni la nia njema kabisa. Ikiwa mbebaji haonekani kwa macho, kwa nini tusiwapime wachumba wote kabla ya ndoa, wabebaji wawili wasioane? Tungemaliza tatizo.

Shangazi wa Rau

Ndugu, nalijibu kwa moyo wote, na hapa natoa maoni yangu pamoja na ukweli wa mambo.

Kwanza, kumpima mtu kama ni mbebaji wa jeni hii si kipimo cha kawaida cha hospitali zetu, useme utaingia kliniki ya wachumba ukatoka na jibu. Na mtu 1 kati ya 19 ni watu wengi sana wa kuwapangia wasioane na nani.

La pili ndilo linaloniuma. Unasema tungemaliza tatizo. Mtoto niliyembeba juzi mikononi si tatizo. Ualbino wenyewe hauui. Kinachoua ni jua lisilozuiwa kwenye ngozi isiyo na kinga, na binadamu wenye mapanga na imani zao. Vyote viwili vinazuilika bila kumkataza mtu kuoa. Salum Barwani alichaguliwa na wananchi wa Lindi Mjini kwa kura zao kuwa mbunge mwaka 2010. Dkt. Abdallah Possi alikuwa naibu waziri, baadaye akawa balozi wetu Ujerumani. Hao ni watoto wa wabebaji wawili walioana.

Wawili wakijijua na wakaamua wenyewe wazae, wasizae, wazae wangapi, ni uamuzi wao. Kazi yangu mimi ni wajue hesabu. Tukianza kuwaamulia, tumerudi kwenye kikao cha sebuleni.

Mama wa Wawili, Sakina

Mimi ni mama wa watoto wawili, wa kwanza hana ualbino, wa pili anao, yuko darasa la tatu. Baba yao aliondoka wa pili akiwa na miezi michache. Laiti uzi huu ungekuwepo wakati ule, ningemchapishia.

Mwalimu kaeleza urithi, mimi niwaeleze wazazi wapya maisha ya kila siku, maana mtoto akishazaliwa hesabu za robo hazimkingi na jua.

Hapa Arusha baridi inatudanganya. Juni na Julai mawingu asubuhi mpaka jioni, mtu anasema leo hakuna jua, mtoto anatoka kichwa wazi. Mionzi inayoharibu ngozi si joto, inapita kwenye mawingu. Na mji wetu uko juu, mita kama 1,400 kutoka usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda ndivyo mionzi inavyozidi, asilimia 10 hivi kwa kila mita 1,000. Kwa hiyo kofia yenye ukingo mpana pande zote, siyo kepu, maana kepu inaacha masikio na shingo. Ukiangalia watu wazima wenye ualbino waliofanya kazi shambani, vidonda vinaanzia hukohuko, masikioni, usoni, shingoni na mgongo wa mikono. Mikono mirefu, kitambaa kizito kisichopitisha mwanga. Wangu shuleni alikuwa anachomwa na jua paredi ya asubuhi, nikaenda kuongea na mwalimu mkuu, sasa anasimama chini ya mti na wenzake wawili, ili asijione peke yake.

Mafuta ya kukinga jua ni lazima, na mafuta ya kawaida ya kupaka si kinga. KCMC Moshi kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, kipo tangu 1992, na palepale ndipo yalipoanza kutengenezwa mafuta ya KiliSun, kwa ajili ya watu wenye ualbino. Kidonda kisichopona, au gamba linalorudi kila likibanduka, usilipake dawa ya mtaani. Mpeleke mapema. Saratani ya ngozi ikionwa mapema inakatwa na mtu anapona.

Macho sasa. Yangu yanacheza, yaani ya mtoto, na mwanga unamwumiza. Mimi nilidhani miwani itamaliza, daktari akanielewesha kwamba ndani ya jicho, sehemu ya kuonea vitu vidogo haikukua kama kawaida, kwa hiyo miwani inasaidia lakini haimpi macho ya wenzake. Anakaa dawati la mbele kabisa, upande ambao dirisha haliko mbele yake. Akishindwa kusoma ubaoni anaruhusiwa kuinuka na kusogea mpaka pua iguse. Mwalimu mmoja alikuwa anamwita mzito wa kuelewa. Alipoanza kumpa mtihani wa maandishi makubwa, akashika nafasi ya sita.

Mwaka 2015, siku ya kimataifa ya uelewa kuhusu ualbino ilipoadhimishwa kwa mara ya kwanza, tarehe 13 Juni, kitaifa ilifanyika hapahapa Arusha. Ndiyo mara ya kwanza niliona wazazi wengi kama mimi wamekaa pamoja. Wazazi wapya, tafuteni TAS, Chama cha Watu wenye Ualbino Tanzania. Usikae peke yako na mawazo.

Nesi Mstaafu

Mama wa Wawili, umesema yote ambayo ningeyasema, na zaidi. Naomba wazazi waliosoma haraka warudie hapo penye kidonda kisichopona.

Kihamba cha Babu

Mwalimu, kwanza wifi yako yuko wapi sasa? Pili, mapacha inakuwaje? Huku Marangu kuna mapacha mmoja ana ualbino mwingine hana, na watu wamesema mengi. Tatu, mabinamu wakioana?

Shangazi wa Rau

Wifi yuko nyumbani kwake. Kaka amefungua mdomo, amesema mke wake haendi popote na mtoto ni wake. Mzee mmoja bado ana manung'uniko, ila kikao kimefungwa.

Mapacha: hao wa Marangu watakuwa wametoka kwenye mayai mawili na mbegu mbili, kila mmoja karushiwa sarafu zake. Mapacha wa yai moja wana jeni zilezile, mmoja akiwa na ualbino na mwenzake anao.

Mabinamu: wanachangia babu na bibi, kwa hiyo kama wewe ni mbebaji, binamu yako wa kwanza ana zaidi ya 1 kati ya 8 ya kuwa na jeni hiyohiyo, ukilinganisha na 1 kati ya 19 ya mtu wa nje. Ndiyo sababu kwenye jamii wanakooana ndugu wa karibu, ualbino na magonjwa mengine ya kurithi kwa njia hii huonekana zaidi. Na tusisahau kwamba selimundu, ambayo iko kwenye nyumba nyingi za Tanzania, inarithiwa kwa mpango huuhuu: wazazi wawili wabebaji, robo kwa kila mimba. Sijawahi kusikia watu wakisema mama wa mtoto wa selimundu ametembea na mzungu.

Baba Kijacho

Mwalimu samahani kwa kuchelewa kuingia. Mdogo wangu wa kike ana ualbino, mimi sina. Mke wangu ana mimba ya miezi mitano, yeye ni wa Babati, na kwao wanasema hawajawahi kuona mwenye ualbino. Sina hofu ya mtoto, nimekua na mdogo wangu nampenda. Ila nataka kujua tu, na kama kuna cha kuandaa nikiandae.

Shangazi wa Rau

Karibu, hujachelewa. Wewe uko kwenye nafasi ya mama mkwe wa yule kijana wa Ngarenaro: wazazi wenu ni wabebaji wote wawili, wewe huna ualbino, kwa hiyo una theluthi mbili ya kuwa mbebaji. Mkeo tunampa 1 kati ya 19 kama mtu yeyote, maana "hatujawahi kuona" haimtoi. Zidisha hizo mbili, kisha zidisha na robo. Inakuja 1 kati ya 114. Ikitokea mtoto akazaliwa na ualbino, hapo itakuwa imethibitika kwamba nyote wawili ni wabebaji, na mimba zinazofuata zitakuwa robo, siyo tena 1 kati ya 114.

Cha kuandaa ni kofia, na mtoto yeyote anaihitaji. Muulize mkeo kwa utaratibu upande wa bibi zake pia, siyo wa baba tu, maana watu wakihesabu ukoo huwa wanawasahau wanawake. Akimkumbuka mtu yeyote mwenye ualbino, hata ndugu wa mbali, rudi hapa uniambie ni nani kwake, tupige hesabu upya.